Mbegu nyingi za maua huharibikia kwenye mmea, si kwenye chupa

Umeuliza mambo mawili: kwa nini mbegu za zinia ulizokusanya mwenyewe nyingi zimekataa kuota, na kwa nini hizo chache zilizoota zimetoa maua yasiyofanana na mama yao. Waliotangulia kukujibu wamesema hukuzihifadhi vizuri. Mimi naona chupa inaonewa bure. Nimevuna mbegu za maua yangu kwa miaka mingi, na mbegu zinapogoma, mara nyingi chanzo nakikuta kwenye mmea wenyewe, kabla hata ya kuvuna.

Tuanze na kuota. Watu wengi hukata ua la zinia mara tu rangi inapofifia, shingo yake ikiwa bado ya kijani. Mbegu ya hapo ni changa, hata uikaushe vipi. Liache juu ya shina mpaka kichwa chote kiwe cha kahawia na shingo ivunjike ukiikunja. Kisha livunjie kiganjani na uchomoe petali moja kavu taratibu. Chini yake utakuta imeshikana na punje bapa, ya kijivu inayoelekea kahawia, yenye ncha upande mmoja. Hiyo ndiyo mbegu. Ibane kwa ukucha: iliyojaa ni ngumu na ina unene kidogo katikati, iliyo tupu inapinda. Kichwa kimoja kinaweza kujaza kiganja na bado punje zenye kiini zikawa chache, hasa yale maua yaliyojaa petali tupu bila kitovu cha njano. Chavua hutoka kwenye vijiua vya kitovuni, kwa hiyo ua lenye petali nyingi kupita kiasi lina chavua kidogo. Ninahisi ulipanda makapi mengi ukidhani ni mbegu.

Kuhusu kutofanana, kuna sababu mbili. Ya kwanza ni pakiti uliyoanza nayo. Kama iliandikwa F1, zile zilikuwa mbegu chotara, kizazi cha kwanza cha wazazi wawili tofauti, na kizazi kinachofuata sifa hutawanyika. Gregor Mendel alilionyesha hili katika makala yake ya mwaka 1866: alipochanganya njegere za maua ya zambarau na za maua meupe, kizazi cha kwanza chote kilikuwa zambarau, lakini cha pili weupe ukarudi, takriban mmea mmoja katika kila minne. Kwa hiyo ukitaka mbegu za kurithishana, anza na aina isiyo chotara.

Sababu ya pili ni nyuki. Zinia ya pinki ikikaa jirani na nyekundu, watazichanganya tu. Ukitaka rangi moja, funika vichwa viwili vya mimea tofauti ya rangi hiyo kwa kifuko cha chachi kabla havijafunguka, kisha hamisha chavua kwa brashi laini kutoka kimoja hadi kingine kwa siku kadhaa, ukirudisha kifuko kila umalizapo. Ni kazi. Binafsi zinia naziacha zichanganyike, kwa sababu napenda kungoja kuona kitakachotoka.

Jambo ninaloliona kubwa kuliko yote ni kuchagua mama. Tumezoea kukata maua mazuri ya vase, halafu mwisho wa msimu tunachukua mbegu kwenye kile kimmea dhaifu kilichobaki. Fanya kinyume. Bustani ikiwa imechanua vizuri, tafuta mmea wenye shina imara, majani safi na ua unalolipenda, ufunge uzi wa rangi, na kuanzia hapo usilikate ua lake hata moja. Ukiona madoa kwenye majani, uache: kuvu ya alternaria na bakteria wa madoa ya majani husafiri ndani na juu ya mbegu za zinia, kwa hiyo utakuwa unajipandia ugonjwa.

Maua mengine yana tabia zake. Balsamu ndiyo inayohitaji jicho la karibu. Tumba lake la mbegu huvimba, hugeuka kutoka kijani kuwa manjano hafifu, na likiiva ukiligusa tu linapasuka, maganda yanajikunja na mbegu zinaruka mbali. Livishe kifuko kidogo cha kitambaa likiwa linaanza kupauka. Petunia mbegu zake ni kama vumbi, kwa hiyo pindua tumba lake kavu la mbegu juu ya karatasi nyeupe, na wakati wa kupanda usizifukie, maana zinahitaji mwanga ili ziote. Nasturtiamu hudondosha zenyewe; okota tu, kausha mpaka zikunjamane.

Baada ya hapo, uhifadhi ni mwepisi. Tandaza mbegu kwenye karatasi, kivulini, penye hewa, wiki moja au mbili. Usizianike juani wala kuzifunga kwenye plastiki zikiwa na unyevu. Zikikauka, zitie kwenye bahasha za karatasi zenye jina na mwaka, halafu bahasha ziingie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana. Wataalamu wa mbegu wana kanuni inayoitwa ya Harrington: unyevu wa ndani ya mbegu ukipungua kwa asilimia 1, umri wake huongezeka takriban maradufu, na vivyo hivyo joto likishuka kwa nyuzi 5 za Selsiasi. Ndiyo maana friji inafaa, mradi mbegu ni kavu kweli. Ukiitoa chupa, iache ipoteze ubaridi kabla ya kuifungua, la sivyo umande utazilowesha.

Zile zilizobaki kwako usizitupe bado. Chagua 10 zilizo ngumu kwa kipimo cha ukucha, zikunje kwenye tishu yenye unyevu, weka kwenye mfuko mahali penye vuguvugu. Zinia yenye uhai huchipua ndani ya wiki moja hivi. Zikitoka 7 au 8, panda kama kawaida. Zikitoka 3, panda kwa wingi zaidi kitaluni, kisha ungoje maua ufunge uzi.