Maswali ya Wasomaji: Mipaka ya Modeli ya Kibadilisha Joto

Swali: Ninaiga kwenye kompyuta kibadilisha joto cha bomba ndani ya bomba, urefu mita 2. Maji ya Ziwa Tanganyika yanapita bomba la ndani, kipenyo milimita 16; maji ya moto ya injini ya jenereta yanapita nje yake kwa mwelekeo wa kinyume. Hesabu inafika mwisho, lakini joto linalotoka upande wa moto halilingani na linalopokelewa na maji ya ziwa. Nimeweka kasi kwenye kuingilia na kutokea, na ukuta wa bomba nimeupa nyuzi 60. Nakosea wapi? (Msomaji, Ujiji)

Jibu: Hizo nyuzi 60 ndizo zinazoharibu kazi. Ukuta wenye halijoto isiyobadilika huyapa maji ya ziwa joto lolote yanalohitaji, na upande wa moto humeza lolote linaloletwa, bila pande hizo mbili kuwiana. Ifute. Chora unene wa ukuta kama kitu kigumu, tuseme shaba ya milimita 1, kisha unganisha kila uso wake na maji yanayougusa, ili halijoto na joto linalopita viwe sawa kwenye mguso. Halijoto ya ukuta ni jibu la hesabu, usiiandike wewe.

Kosa la pili ni kasi kwenye ncha zote mbili. Maji hayashindiliki, kwa hiyo hata tofauti ndogo ya desimali kati ya yanayoingia na yanayotoka haina pa kwenda. Kwenye kuingilia weka mtiririko (kilo kwa sekunde), kwenye kutokea weka presha ya geji sifuri, yaani isiyozidi presha ya hewa ya nje.

Kwa kilo 0.15 kwa sekunde za maji ya nyuzi 26, kasi ni mita 0.75 kwa sekunde na namba ya Reynolds, inayoonyesha kama maji yanatiririka kwa utulivu au kwa msukosuko, ni kama 13,700. Huo ni mtiririko wa msukosuko: kwenye kuingilia weka ukali wa msukosuko asilimia 5, na urefu wa mizunguko ya msukosuko huo milimita 1.1, yaani asilimia 7 ya kipenyo. Kama programu yako inatumia kelvini, nyuzi 26 ni 299. Ukiandika 26 tu, umeingiza barafu ya kutisha.

Refusha bomba milimita 160 au zaidi baada ya sehemu inayobadilishana joto. Mlango wa kutokea ukikaa karibu na kona, maji hurudi ndani kupitia hapo, tena kwa halijoto ambayo programu imejiwekea yenyewe. Hapo hesabu ya joto huharibika kimyakimya.

Usisahau magadi. Maji ya Tanganyika yana pH karibu 9, na yakipashwa yanaweza kuacha ukoko ukutani. Ukoko wa nusu milimita wenye upitishaji joto wa wati 1 kwa mita kwa kelvini unazuia joto karibu mara mbili ya maji yenyewe ya bomba hilo. Uongeze kama tabaka jembamba ukutani, la sivyo modeli itakusifia kifaa ambacho hakipo.

Mwisho pima mizani. Maji ya ziwa yakipanda kutoka 26 hadi 36 yamepokea wati kama 6,270. Upande wa moto, kilo 0.10 kwa sekunde, lazima ushuke nyuzi 15 hivi, kutoka 82 hadi 67, kama ganda la nje halipotezi joto. Tofauti ikizidi asilimia 1, usiamini picha za rangi.

Swali: Rejeta yangu inapozwa na feni. Je, mwinuko wa Tabora unahusika? (Msomaji, Tabora)

Jibu: Sana. Kwenye mita 1,200 presha ya hewa ni kama kilopaskali 88, na hewa ya nyuzi 30 ina uzito wa kilo 1.01 kwa mita ya ujazo, si 1.165 ya usawa wa bahari. Feni inayosukuma ujazo uleule inapeleka hewa pungufu kwa asilimia 13. Badilisha presha ya rejea ya modeli (presha ya hewa ambayo programu inaanzia kuhesabu), na kwenye kuingilia weka uzito wa hewa kwa sekunde, usichukue namba ya kilo kutoka karatasi ya feni iliyoandikwa kwa hali ya pwani.