Jibu: Wamepima nyumba ya mama kwa tepu, kodi ya jengo itapanda?

Mkuu uliyeuliza kuhusu vijana waliopita Chikongola, Mtwara, wakapima nyumba ya mama yako, ngoja nikusimulie yaliyotukuta sisi Shangani, maana mzee wangu alijichongea mwenyewe.

Ilikuwa kipindi kile cha gesi asilia ya Mtwara, kabla TRA hawajapewa kukusanya kodi ya majengo 2016. Mtwara imechangamka, viwanja vinagombaniwa, kila mtu ana bei ya nyumba yake kichwani. Wakaja wathamini wawili, mmoja kashika tepu mwingine daftari. Mzee badala ya kutulia akawaangulia madafu akaanza kujitapa, oh juzi tu kuna mtu kaniwekea milioni 90 nikamwambia siuzi ng'o, mi nipo mlangoni namkonyeza wala hanioni. Alafu akawapeleka nyuma kuwaonyesha "savanti kota" (nyumba ya mfanyakazi), kumbe ni stoo tu ya magunia ya korosho, tofali za udongo, chini mchanga mtupu. Yule wa daftari anaandika tu.

Makadirio yalipokuja stoo imo kama nyumba ya kuishi. Mzee akawaka.

Nikamfuata jamaa yangu mmoja anayejua hizo kazi akacheka sana, akasema zile milioni 90 wala hazikuwa tatizo, kodi ya jengo inaangalia jengo sio kiwanja. Wanapima ukubwa, wanatizama ukuta wa nini, bati gani, sakafu, dari, wanapiga hesabu leo kuijenga upya ingekula shingapi, wanatoa uchakavu, inayobaki ndo inaingia kwenye daftari la uthamini na kupigwa asilimia. Tuseme jengo limetoka milioni 40 na kiwango ni asilimia 0.15, unalipa 60,000 kwa mwaka. Kwa hiyo pa kubishania ni vipimo na uchakavu, na sisi tunaopigwa na upepo wa bahari uchakavu tunao wa kumwaga. Tukaandika pingamizi, wakarudi kuangalia, mzee mwenyewe kapanda ngazi kachomeka msumari kwenye bati ukapita kama anatoboa biskuti, nondo za baraza zimevimba kutu mpaka zege linabanduka. Wakashusha. Siku hizi mzee akimuona hata fundi madirisha na tepu anaanza kulia shida.

Sasa hiyo ni hadithi ya zamani. Sheria ilitaka uthamini urudiwe kila miaka 5, ila kuzungusha wathamini mji mzima ni mahela, matokeo yake tukaishia kwenye viwango vya jumla visivyoangalia thamani. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla), ilianza 1,000 kwa mwezi nyumba ya kawaida na 5,000 kwa ghorofa, 2023 ikapanda 1,500 na 7,500. Tepu haiingii humo kabisa. Ni rahisi sikatai, ila kwangu mimi haijakaa sawa, mtu ana mjumba wa vyumba saba bati la msauzi anakatwa 18,000 kwa mwaka sawasawa na bibi mwenye vyumba viwili pale Magomeni. Bora ule wa zamani, ungefanyika kweli kwa wakati wake.

Kwa hiyo wale vijana waulizeni wanapima nini na kwa barua ya nani. Inaweza kuwa mambo ya fidia, au mkopo wa benki kama kuna mtu humo ndani kaweka nyumba dhamana kimyakimya (yapo sana haya, mchunguze kaka mkubwa), au kodi ya pango la ardhi ambayo ni kitu kingine, hiyo inaenda na ukubwa wa kiwanja na matumizi yake.

Na mama kama kavuka 60 na anaishi humo mwenyewe ana msamaha kwa hiyo nyumba moja, aende TRA na kitambulisho chake akaombe, asisubiri kufuatwa. Alafu hapo kwake kuna mita ngapi za umeme? Kama wapangaji wana yao na yeye ana yake angalieni risiti za umeme zote, nyumba moja haitakiwi kukatwa mara mbili.