Chuo cha mwanangu kinayumba, nimhamishe?

SWALI: Shikamoo mama. Mwanangu Tumaini yuko mwaka wa tatu, shahada ya ualimu, katika chuo kikuu kidogo cha binafsi. Anasema wahadhiri wana miezi hawajalipwa, baadhi wameondoka, na intaneti ya maktaba imekatwa. Nimhamishe? Mdogo wake naye kachaguliwa hapohapo.
Mama Tumaini, Njombe

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimestaafia ofisi ya uhasibu ya chuo cha namna hiyo, na barua yako imeniuma.

Chuo kidogo kinaishi kwa ada. Mhadhiri mshahara wake ni uleule, darasa liwe na watu mia au kumi na wawili. Na wanafunzi wapya wakikosekana mwaka mmoja, pengo halizibiki upesi: mwaka huu hakuna wa mwaka wa kwanza, mwakani hakuna wa pili, mwaka unaofuata hakuna wa tatu. Hebu fikiria vyuo 19 ambavyo TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ilivizuia kudahili wapya mwaka 2017, tena vigezo vya kujiunga vilikuwa vimepandishwa mwaka uliotangulia. Fedha za Bodi ya Mikopo nazo huja kwa awamu, wanafunzi wakishasaini, mishahara haisubiri. Hapo ndipo baadhi ya viongozi huacha kupeleka michango ya wafanyakazi NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Hilo linanikera kuliko yote, maana mfanyakazi huja kugundua siku anapodai mafao.

Tumaini asihame. Akihama sasa, chuo kipya huenda kisiyapokee masomo yake yote, atarudishwa nyuma nawe ulipe ada upya. Aende kwa msajili wiki hii, achukue matokeo ya mihula yote yaliyogongwa mhuri, atunze na risiti zote za ada. Vyuo vishiriki vya Mtakatifu Joseph, Songea, vilipofutiwa kibali mwaka 2016, TCU iliwahamishia wanafunzi vyuo vingine. Siku kama hiyo mwenye karatasi zake mkononi hahangaiki.

Mdogo wake asithibitishe udahili hapo. Najua chuo kinamhitaji, na wahadhiri waliobaki nawaheshimu sana, lakini yeye ana miaka yote mbele yake. Kama kachaguliwa na chuo kingine, athibitishe hicho. Kama hana, aombe upya dirisha la awamu nyingine likifunguliwa.

Ada iliyobaki ya Tumaini ilipe benki, kwenye akaunti ya chuo. Usimkabidhi mtu fedha taslimu, hata akikuahidi punguzo.