Maswali ya Wasomaji: Nimehamia mjini, nguo zote zimenibana

SWALI: Dada mshauri habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, nilihama kijijini miaka miwili iliyopita nikaja mjini na tangu nifike nimeongezeka kilo 11. Mume wangu anasema ni uvivu tu, ila mimi naapa sili zaidi ya nilivyokuwa nakula kule, tena naona siku hizi nakula kidogo. Hivi mahali anapoishi mtu panaweza kumnenepesha au najitetea tu?

JIBU: Pole sana mdogo wangu, na wala hujitetei. Mwambie shemeji hilo neno uvivu aliache kabisa, linaniuma kila nikilisikia maana wanawake wengi wanabebeshwa aibu isiyo yao. Kule kijijini ulikuwa unafanya mazoezi kutwa nzima bila kujua, maji unachota, shambani unakwenda kwa miguu na kurudi, ukiishiwa chumvi unatembea. Sasa hivi maji yapo bombani, gari linakushusha karibu na mlango, kazini umekaa kwenye kiti mpaka jioni, kwahiyo hata kama sahani ni ileile, ile kazi ya kukichoma hicho chakula haipo tena.

Alafu angalia na unachokunywa. Chupa moja ya soda ya mililita 500 ina sukari kama gramu 50, yaani vijiko vya chai 12 hivi, na mtu akishaimaliza hasemi amekula, anasema amekunywa kitu cha baridi tu, akifika nyumbani anakula kama kawaida. Hapo ndo wengi wanaposema sili sana na wanasema kweli kabisa, maana tumbo halikuhesabu.

Kuna utafiti mmoja wa Marekani naurudia kila mara. Kati ya 1994 na 1998 serikali yao ilichukua familia zilizokuwa zinaishi kwenye mitaa ya umaskini mkubwa katika majiji matano, Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York, ikachezesha kama bahati nasibu, waliobahatika wakapewa vocha ya kodi ya kuhamia mtaa wenye umaskini kidogo na wengine hawakupewa. Hakuna aliyewapangia daieti. Baada ya miaka 10 hadi 15 akina mama wakapimwa, na majibu yaliyotoka 2011 yalionyesha kundi lililopewa vocha lina wanene wa kupindukia (BMI, yaani kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu wa mtu, 35 kwenda juu) wachache kwa pointi 4 na nusu hivi za asilimia, na kisukari nacho kilipungua karibu hivyohivyo. Mtaa tu jamani! Kama ni usalama wa kutembea, au maduka, au kupungua kwa msongo wa mawazo, utafiti wenyewe haukuweza kutenganisha, ila mimi usalama siudharau hata kidogo, maana mama anayeogopa barabara hawezi kumruhusu mtoto atoke kucheza, mtoto anabaki ndani na televisheni na biskuti.

Sasa wewe huwezi kuhama kesho. Shuka vituo viwili kabla ya kwako kama njia ni salama, beba maji yako kazini, na siku ya mapumziko pika mboga nyingi uhifadhi, kwasababu kinachokuponza jioni ni uchovu, mtu akifika amechoka anakula kilichokaangwa njiani. Chukua na futi ya fundi ujipime kiuno, kwa mwanamke ikizidi sentimita 88 hatari ya kisukari na moyo imeshapanda sana. Na kama unachoka kupita kiasi, unasikia kiu kila saa au kilo ziliongezeka baada ya kuanza dawa fulani, nenda kapime, usibaki unalaumu mtaa peke yake.

SWALI: Mimi niko kijijini, kwahiyo hayo hayanihusu?

JIBU: Yanakuhusu kaka. Mwaka 2019 watafiti walichapisha kwenye jarida la Nature vipimo vya watu wazima zaidi ya milioni 112 kuanzia 1985 hadi 2017, wakakuta zaidi ya nusu ya ongezeko la BMI duniani limetokea vijijini. Pikipiki zimefika, mashine zinalima, soda na vya pakiti vimefika hata pale ambapo matunda ni ya msimu tu.

SWALI: Mtaani kwetu hakuna supamaketi, ikijengwa si tutakula vizuri?

JIBU: Itawapunguzia safari, ila isiwe tumaini lenu lote. Huko Marekani walifuatilia mitaa iliyofunguliwa supamaketi mpya na watu walihamisha tu mahali pa kununua, vitu kwenye kikapu vikabaki karibu vilevile. Kama mna nguvu ya kudai kitu kwa viongozi wenu, mimi ningeanza na njia za waenda kwa miguu na taa za barabarani, na shuleni watoto wapate maji safi ya kunywa bure ili soda isiwe ndiyo kinywaji pekee kilicho karibu nao.