Anapaliwa na maji baada ya kiharusi: tumkinge vipi na nimonia?

SWALI: Baba ana miaka 67, alipata kiharusi mwezi uliopita na upande wa kulia umepooza. Tumesharudi naye nyumbani. Akinywa maji au chai anapaliwa, ila uji anameza. Tunamfunika blanketi asipate baridi, na mama anataka aanze amoksilini ya kinga. Tuko sawa?

JIBU: Poleni kwa kuuguza. Amoksilini acheni. Majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa mwaka 2015, moja la Uingereza na jingine la Uholanzi, yaliwapa wagonjwa wa kiharusi antibayotiki za kinga, na nimonia haikuzuilika. Blanketi halina ubaya, ila baridi siyo inayomtishia baba. Kinachomtishia ni mate, maji na chakula vinavyoteremkia mapafuni vikiwa na bakteria wa kinywani.

Koo lililolegea huchelewa kufunga njia ya hewa. Maji hukimbia, yakafika kabla haijafungwa; uji huenda polepole. Rudini hospitali wiki hii wampime umezaji. Kwa sasa kila kinywaji kiwe kizito kama uji au mtindi, na apate cha kutosha, asikaukiwe maji mwilini. Vidonge msivisage kabla ya kumuuliza mfamasia, vingine haviruhusiwi.

Wakati wa kula akae wima kitini, kidevu kimeinama kidogo, redio na televisheni zimezimwa. Akiwa anasinzia, msimlishe. Tumieni kijiko cha chai, nusu kijiko kwa mara moja, mkiweka upande wa kushoto wa kinywa. Subirini ameze ndipo mwongeze. Kumsukumia uji kwa bomba la sindano ni hatari. Akimaliza, mulikeni shavu la kulia kwa tochi, maana chakula hujificha humo bila yeye kuhisi. Asilale kabla ya dakika 30 hadi 60 kupita.

Kusikia kikohozi kusiwe kipimo chenu pekee. Wapo wanaopaliwa kimya kabisa: sikilizeni kama sauti inakuwa ya majimaji baada ya kumeza.

Kinywa ndicho kinachosahaulika zaidi. Mswaki laini kila baada ya mlo, ulimi pia, dawa ya meno kiasi cha punje ya njegere. Ainame mbele ateme. Asisukutue kwa maji, futeni kwa kitambaa safi chenye unyevu. Meno ya bandia yatoke usiku. Hata wakimwekea mpira wa kulishia puani, usafi huu uendelee, kwa sababu mpira hauzuii mate kuingia mapafuni. Wakati wa kulishwa kwa mpira, na saa moja baadaye, kichwa na kifua viinuliwe nyuzi 30 hadi 45.

Mchana akae kitini mara kadhaa. Kitandani ageuzwe kila baada ya saa 2.

Homa ya 38 au zaidi, pumzi zaidi ya 24 kwa dakika, makohozi ya njano au kuchanganyikiwa ghafla: mpelekeni siku hiyohiyo. Mzee anaweza kuwa na nimonia bila homa, kwa hiyo hesabuni pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia.