Milu wa China: bado yupo porini?

Ndugu, umeuliza iwapo milu wa China, mnyama mwenye pembe anayefanana na kulungu, bado anaishi porini au amebaki kwenye hifadhi tu. Katika tathmini ya kimataifa ya mwaka 2016 aliorodheshwa kuwa ametoweka porini, ingawa mimi naona suala hilo lina utata.

Padri Mfaransa Armand David alipomwona mwaka 1865, kwa kuchungulia juu ya ukuta wa Nanhaizi, bustani ya mfalme ya uwindaji iliyo kusini mwa Beijing, kundi hilo ndilo lililokuwa la mwisho nchini. Mafuriko ya 1895 yalibomoa ukuta, wanyama wakatoroka na kuliwa na watu wenye njaa. Waliosalia walimalizwa katika vurugu za 1900. Bahati ni kwamba wachache walikuwa wameshapelekwa Ulaya, na Duke wa Bedford akakusanya 18 huko Woburn, Uingereza. Kati ya hao ni 11 tu waliozaa, hivyo maelfu ya leo wote ni wa ukoo mmoja.

Walirudishwa Nanhaizi mwaka 1985, na mwaka uliofuata 39 wakapelekwa Dafeng, pwani ya Jiangsu. Utata niliousema unatokana na mafuriko ya mto Yangtze ya 1998, ambapo baadhi walitoroka na kuzaliana wenyewe kandokando ya ziwa Dongting.

Usimchanganye na kulungu wa misitu yetu: milu huangusha pembe zake kila mwaka, na ana mkia mrefu wenye kishungi kama wa punda na kwato pana za kukanyagia matope.