Maswali ya Wasomaji: Mita 500 za Nani?

SWALI: Dalali amenionyesha nyumba mbili zinazolingana ukubwa. Moja iko mita 500 kutoka kituo cha treni, nyingine kilomita mbili. Ya kwanza imezidi bei kwa asilimia 15, naye anasema ninacholipia ni ukaribu wa kituo. Je, nyongeza hiyo ni halali?

JIBU: Muulize kwanza hizo mita 500 amezipimaje. Mara nyingi ni mstari ulionyooka wa kwenye ramani, nawe huruki kama kunguru: utazunguka ukuta, utatafuta kivuko, na 500 zitageuka 1,100. Mtu mzima hutembea takriban mita 80 kwa dakika, hivyo mita 400 ni dakika tano na 800 ni dakika kumi. Kwa kawaida nyongeza ya bei hukolea ndani ya hizo mita 400 za kwanza, kisha hufifia.

Basi tembea mwenyewe, saa mkononi, kutoka mlangoni hadi treni inaposimama. Nenda asubuhi watu wanapokwenda kazini, urudie usiku baada ya saa mbili. Hesabu na muda wa kusubiri kuvuka barabara. Njia inayotisha gizani usiilipie bei kamili.

Halafu utazame mtaa wenyewe. Utafiti wa Michael Duncan kuhusu San Diego, Marekani, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa ukaribu wa kituo huinua bei za fleti zaidi pale mtaa unapopitika vizuri kwa miguu. Katika mitaa iliyopangwa kwa ajili ya magari, fleti za karibu na kituo zinaweza hata kuuzwa kwa bei ya chini. Si ajabu. Kituo kilichozungukwa na maegesho humpa jirani kelele na foleni, si duka la mkate.

Kuhusu asilimia 15, tafuta nyumba sita zilizouzwa ndani ya mwaka mmoja: tatu karibu na kituo, tatu mbali, zenye umri na hali moja. Gawanya bei ya kila moja kwa mita zake za mraba, kisha linganisha wastani wa makundi hayo mawili. Tumia bei zilizolipwa, si za matangazo. Kosa la kawaida ni kulinganisha jengo jipya la kituoni na nyumba kuukuu ya mbali. Hapo utakuwa umepima upya wa jengo. Ratiba nayo ina uzito: treni ya kila dakika 10 na ya kila dakika 30 hazilipiwi sawa.

SWALI: Kituo kipya kimetangazwa karibu na kiwanja changu chenye nyumba ya zamani. Niuze sasa?

JIBU: Kinachopanda hapo hasa ni ardhi, si kuta. Kabla ya kupanga bei, nenda ofisi ya mipango miji uulize ghorofa ngapi zitaruhusiwa. Kiwanja kinachobeba ghorofa sita si sawa na cha mbili. Bei huanza kusogea tangazo linapotoka, huweza kulegea wakati wa ujenzi kwa vumbi na barabara kufungwa, kisha huinuka tena huduma ikianza. Miradi huchelewa, kwa hiyo usikope kwa kutegemea tarehe ya ufunguzi.

SWALI: Chumba cha kulala kinatazama reli. Nipunguziwe?

JIBU: Ndiyo. Omba ukisimama humo treni inapopita, dirisha likiwa wazi.